Saa 200 na Kaunta Buku Moja

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wanachama wa klabu yetu ya chesi, hapa Dar es Salaam. Waliokosa kufika waliomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka, nikapunguza tu mizaha ambayo ilihitaji mtu awepo ukumbini.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kujifundisha chesi mwenyewe, bila mwalimu wa kumlipa, na akapanda kweli. Kabla sijaanza, mikono juu: nani amecheza chesi kwenye simu wiki hii? Naona karibu wote. Nani amecheza michezo zaidi ya hamsini? Bado ni wengi. Haya, nani kati yenu anaweza kusimama akanisimulia mmoja tu kati ya hiyo hamsini: alishindwa wapi, na kwa nini?

(Kimya. Halafu kicheko.)

Basi hotuba imeisha, twendeni tukanywe kahawa. Maana yote nitakayosema kuanzia sasa yamo ndani ya kimya hicho.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja, Emanuel Lasker, mwanahisabati mwenye shahada ya udaktari. Alishika ubingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, miaka 27, na mpaka leo hakuna aliyekaa nao mfululizo muda mrefu hivyo. Katika kitabu chake cha mafunzo cha miaka ya 1920, kule mwishoni, alikaa akapiga hesabu kama mwenye duka anayefunga mahesabu ya mwezi. Alijiuliza: kijana asiye na kipaji chochote cha pekee anahitaji saa ngapi ili awe mchezaji wa kuheshimika? Akaandika: saa 5 za sheria na mazoezi yake, saa 5 za miisho ya msingi, pale kete zinapobaki chache ubaoni, saa 10 za namna ya kufungua mchezo, saa 20 za kombinesheni, yaani hatua kadhaa zinazofuatana kwa shabaha moja, saa 40 za kujifunza kuisoma hali ya ubao, na saa 120 za kucheza na kuchambua. Jumla, saa 200.

Halafu akatia chumvi kwenye kidonda. Alisema wapo watu robo milioni ambao kila mwaka wanatumia saa zisizopungua hizo 200 kwenye chesi, na hawasogei hata hatua moja.

Mimi nilikuwa mmoja wao, ingawa nimezaliwa baadaye sana.

Tazameni hizo saa 120. Lasker hakusema "kucheza". Alisema kucheza na kuchambua, vikae kapu moja. Na hapa naomba niwakumbushe kitu tulichokuwa nacho tangu zamani tukakiacha. Nendeni kijiwe chochote cha drafti, Magomeni, Kariakoo, popote ambapo wazee wamekaa na ubao uliochorwa kwa mkono na vizibo vya soda. Mchezo ukiisha, watu hawainuki. Wanarudisha kete nyuma. Mmoja anasema, "Ulikufa pale ulipokula hii." Mwingine anabisha: "Hapana, alikufa kabla, alipofungua huku." Wanabishana mpaka kahawa inapoa, na aliyeshindwa anaondoka akijua kilichomuua. Huo ndio uchambuzi, na hakuna aliyewafundisha darasani.

Simu imetuondolea kitu hicho. Ukishindwa kwenye simu, kitufe cha kwanza unachokiona kinasema mchezo mpya. Unabonyeza. Hasira haijakutoka, unacheza mwingine, unashindwa kwa kosa lilelile. Mchezo wa dakika tatu ni mtamu, sikatai, nami naucheza nikiwa kwenye foleni. Lakini kuucheza usiku kucha kisha ukasema unafanya mazoezi ni sawa na mtu anayeimba bafuni akisema anajiandaa kurekodi.

Sasa niwaonyeshe kosa langu mwenyewe, ili mjue siwasemi nyinyi tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mashindano, mzunguko wa mwisho, nikicheza na kijana wa sekondari. Nilikuwa mbele kwa askari mmoja. Kete nyingine zote zilikuwa zimeshabadilishana, ubaoni wamebaki wafalme wawili na askari wangu. Pangeni kwenye ubao ulio mbele yenu (herufi a hadi h ni safu kuanzia kushoto kwa mweupe, namba 1 hadi 8 ni mistari kuanzia upande wake): mfalme wangu mweupe d3, askari wangu e2, mfalme wake mweusi e6. Zamu yangu. Moyoni nilishaanza kuhesabu nauli ya kurudi na soda ya ushindi.

Nikasukuma askari hatua mbili, e4. Mnaona? Ni jambo la kawaida kabisa kufanya: una askari, unataka afike mwisho wa ubao awe malkia, unamkimbiza. Kijana yule hata hakufikiri, akaleta mfalme wake e5, mbele ya pua ya askari wangu. Nikasogea e3 kumlinda. Akarudi nyuma moja kwa moja, e6. Nikapanda d4, akanikabili d6. Nikasukuma e5 kwa sheki, yaani askari akamtishia mfalme, akarudi e6. Nikaenda e4, akarudi e7. Nikapanda d5, akanikabili d7. Kila nilipompandia, alisimama mkabala nami, mraba mmoja katikati yetu, na zamu ikawa yangu. Nikasukuma e6, sheki, akaenda e7. Nikapanda e5, naye akarudi nyuma moja kwa moja tena, e8. Nikaenda d6, akanikabili d8. Nikasukuma e7, sheki, akaingia e8. Sasa nina mambo mawili: nimwache askari aliwe, au niende e6 kumlinda. Nikaenda e6. Mfalme wake hana pa kukanyaga, na hajatishiwa. Amekwama. Sare.

Rudisheni kete sasa, kama wazee wa drafti. Mfalme d3, askari e2, mfalme mweusi e6. Mwacheni askari alale pale alipo. Pelekeni mfalme e4. Mfalme wa mpinzani sasa anatakiwa kusogea, na kokote atakapokwenda, atakuwa ameniachia njia: akienda d6, mimi naingia f5, akienda f6, naingia d5. Mfalme wangu anatangulia kusafisha barabara, askari anakuja nyuma taratibu kama mzigo wa mkokoteni. Na askari aliyebaki nyuma bado ana hatua ya akiba mfukoni: mkikabiliana na zamu ikawa yako, unamsogeza yeye, na zamu inarudi kwa mwenzio. Nusu pointi yangu iliondoka kwa sababu nilimtanguliza mzigo badala ya mkokotaji.

Kuna alama moja nyepesi ya kubeba kichwani. Mfalme wako akiwa pembeni ya askari wako na mpinzani yuko mbele, tazama askari anapoingia mstari wa saba. Akiingia bila kutoa sheki, kwa kawaida umeshinda; akiingia kwa sheki, kwa kawaida ni sare. Mimi niliingia kwa sheki.

Usiku ule nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili. Ukurasa wa kwanza bado ninao, niliandika hivi: "Nimesukuma e4. Nilifikiri: askari akikimbia atawahi. Sikujiuliza mfalme wake anakwenda wapi." Sentensi tatu. Nawaambia kwa dhati, sentensi hizo tatu zimenipa pointi nyingi kuliko video zote nilizowahi kuzitazama, kwa sababu nilipopekua daftari baada ya miezi mitatu niliona maneno "sikujiuliza" yamejirudia karibu kila ukurasa. Kumbe ugonjwa wangu haukuwa ujinga wa miisho. Ugonjwa wangu ulikuwa kucheza kama mpinzani hayupo.

José Raúl Capablanca, yule Mkyuba aliyemnyang'anya Lasker ubingwa mwaka 1921, alishauri watu waanze kujifunza miisho kabla ya jambo lingine lolote. Wengi wanaona ni ushauri wa kuchosha. Mimi nauelewa hivi: kete zikiwa mbili tatu tu, hakuna pa kujificha. Unajua hasa mfalme anafanya nini, askari anafanya nini. Ukielewa pale, ubao ukijaa tena unajua unataka kuuelekeza wapi.

Twende kwenye ratiba yenyewe, maana najua wapo waliokuja na kalamu.

Saa 200 kwa mwaka ni saa 4 kwa wiki, tena umejiachia wiki mbili za sikukuu. Mtu mwenye kazi na familia anazipata. Mimi nazigawa hivi, tofauti kidogo na Lasker: saa moja ni mchezo mmoja mrefu, nusu saa kwa kila upande. Mmoja tu kwa wiki! Saa nyingine moja ni kuuchambua mchezo huohuo. Robo saa kwa siku, siku tano, ni mafumbo, yaani unapewa ubao uliopangwa na unatafuta hatua ya ushindi. Dakika 45 zilizobaki ni za miisho wiki moja, na wiki inayofuata mchezo mmoja wa mabingwa wa zamani, unaupitia huku umefunika hatua inayofuata kwa karatasi na kujaribu kuibashiri.

Mnaona namna ya kufungua mchezo sijaipa hata dakika. Itaingia yenyewe kwenye uchambuzi: kila ukimaliza mchezo, angalia ulipotoka kwenye njia inayojulikana, jifunze hatua moja zaidi, basi. Chagua njia moja ya kuanzia ukiwa mweupe na mbili za kujibu ukiwa mweusi, kaa nazo mwaka mzima. Lasker alitoa saa 10 kati ya 200, na alikuwa bingwa wa dunia. Kijana anayekariri hatua kumi na tano za Sisilia, njia mojawapo ya mweusi kujibu mwanzoni mwa mchezo, halafu anapoteza farasi bure kwenye ya kumi na sita, huyo simwelewi.

Mafumbo ndiyo niliyoyaongezea muda kuliko alivyotoa Lasker, na nina sababu. Mholanzi mmoja, Adriaan de Groot, mwanasaikolojia aliyekuwa pia mchezaji, alichunguza miaka ya 1940 jinsi mabingwa wanavyofikiri. Kisha Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, wakaliendeleza jambo hilo mwaka 1973. Mchezaji anaonyeshwa ubao kwa sekunde chache, unaondolewa, anaambiwa aupange upya. Mchezaji mkubwa anarudisha kete karibu zote mahali pake. Anayeanza anarudisha chache tu. Lakini wakimwaga kete ovyo, zisizotokana na mchezo wowote, yule mkubwa naye anapotea, uwezo wake unakaribia wa yule anayeanza. Kwa hiyo si kwamba ana kumbukumbu ya ajabu. Ni kama wewe ukitupiwa jicho kibao cha daladala kimeandikwa KARIAKOO, sekunde moja inatosha. Wakiandika OKRAAIKO, herufi ni zilezile, na utaziangalia mara tatu.

Fumbo ni hilo: unafundisha jicho kusoma maneno. Mfalme aliyefungiwa nyuma ya askari wake watatu, na ngome inaingia mstari wa mwisho. Hilo ni neno moja. Farasi anayetishia mfalme na malkia kwa mpigo, neno lingine. Kwa hiyo chagua mafumbo mepesi mengi, usitafute magumu ya kujisifia. Na yarudie yaleyale. Msweden Hans Tikkanen alifanya hivyo, akapitia rundo lilelile la mafumbo tena na tena, na mwaka 2010 akapata alama zote tatu za kufuzu ugrandimasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, kwenye mashindano ya majira ya joto. Mimi nayafanya alfajiri kabla ya kufungua meseji. Ukishafungua meseji, robo saa hiyo hairudi.

Sharti moja tu: usiguse kete mpaka umeona jibu lote mpaka mwisho, pamoja na majibu ya mpinzani. Ukibahatisha hatua ya kwanza kwa kuwa "inaonekana onekana", umejifunza kubahatisha.

Sasa uchambuzi. Hapa ndipo nitasimama muda mrefu kidogo, mnisamehe.

Mchezo ukiisha, usiwashe mashine. Najua iko mfukoni, ni bure, na Stockfish, programu ya kucheza chesi, iliyo ndani ya simu ya bei ya kawaida inamshinda bingwa wa dunia. Ndiyo maana usiiwashe. Ukiiwasha mara moja, inakuambia hatua ya 23 ni kosa, hatua bora ilikuwa hii. Unaitikia "aah, kweli," unafunga. Hujajifunza kitu, umesikia tu. Ni kama mwanafunzi anayesoma majibu nyuma ya kitabu cha hesabu kisha anashangaa mtihani umemshinda.

Andika mchezo kwanza. Chini ya hatua tatu au nne zilizokuwa ngumu, andika ulichokuwa unafikiri wakati ule, hata kama ni aibu. "Niliogopa." "Nilidhani hawezi kula." "Nilikuwa nimechoka, nikacheza tu." Halafu tafuta kwa kichwa chako ungefanya nini. Ukimaliza, sasa iite mashine, na iite kama shahidi, si kama hakimu. Pale mlipotofautiana, usiondoke mpaka umeweza kusema kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini yeye yuko sahihi. Ukishindwa kusema, weka alama ya kuuliza, uje nayo hapa Jumamosi.

Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme wa Kisovyeti aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1948, alikwenda mbali zaidi. Alichambua michezo yake mwenyewe na akashauri uchambuzi uchapishwe, ili watu wengine wakuumbue pale ulipojidanganya. Baadaye Karpov, Kasparov na Kramnik, wote waliokuja kuwa mabingwa wa dunia, walipita mikononi mwake. Sisi hatuna gazeti la kuchapisha, lakini tuna kundi la WhatsApp la klabu, na nyote mnajua jinsi mlivyo wepesi wa kuumbua.

Kuna swali limetoka kwa mama aliyekaa nyuma pale. Anauliza: je, mimi wa miaka 46, si nimeshachelewa? Mama, ukitaka kuwa grandimasta, ndiyo, hata mimi. Ukitaka kumfunga mwanao anayekucheka sebuleni, miezi sita inatosha, akiendelea na michezo yake ya dakika tatu.

Na swali la pili, kuhusu pointi za kupima nguvu ya mchezaji. Mfumo tunaotumia ulitungwa na Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, na Shirikisho la Chesi Duniani, FIDE, lilianza kuutumia mwaka 1970. Maana yake ni ya makadirio tu. Mwenye pointi 200 zaidi yako anatarajiwa kuchukua kama 76 kati ya kila pointi 100 za michezo mnazogombania. Yaani hata aliyekuzidi hivyo, zile 24 ni zako. Sasa mtu anashuka pointi 30 Jumatatu usiku, anakosa usingizi! Hizo ni kelele. Angalia pointi mara moja kila baada ya miezi mitatu, kama unavyopima mtoto kimo ukutani. Siku nyingine zote hesabu kurasa za daftari.

Nimalizie na neno kujifundisha, maana linaweza kuwapotosha. Bobby Fischer alipokuwa kijana Marekani alijifunza Kirusi cha kutosha kusoma majarida ya chesi ya Kisovyeti, na mwaka 1972 akamwondoa Boris Spassky kwenye ubingwa wa dunia kule Reykjavík, Iceland. Hadithi nzuri, lakini shida yake ilikuwa uhaba. Sisi shida yetu ni mafuriko. Tovuti ya Lichess peke yake, ambayo ni bure na haina tangazo hata moja, ina mafumbo zaidi ya unayoweza kuyamaliza maisha yako yote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kujifundisha ni kufunga milango: kitabu kimoja, rundo moja la mafumbo, daftari moja.

Na tazameni jirani zetu Kampala. Phiona Mutesi alitoka mtaa wa Katwe, akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi mwaka 2010 na tena 2012. Kilichomkuza ni Robert Katende aliyewakusanya watoto, na watoto wenyewe kuchezana kila siku ubao kwa ubao. Kwa hiyo ratiba yako ya saa 4 iandike peke yako, lakini ule mchezo mmoja mrefu uje kuucheza hapa, na mtu wa nyama na damu, ambaye mkimaliza atakuambia, "Ulikufa pale."

Nimepanga mbao sita pale ukutani. Zote zina mfalme mweupe d3, askari e2, mfalme mweusi e6, na mweupe anaanza. Kaeni wawili wawili, kila mmoja acheze pande zote mbili. Atakayesukuma askari kwanza ananunua kahawa.